Uzoefu wangu: msafara wa baiskeli wa hisani katikati ya mji wa Mombasa

Kama baiskeli kwako ni mbio, huu msafara usijisajili. Mpenda kasi atakereka, maana kila akianza kuchanganya miguu anaambiwa ashuke, aegeshe, aingie dukani agongewe muhuri kwenye kadi. Mimi niliupenda kwa sababu hiyo hiyo.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mtu mzima analipa shilingi 1,500 kwa M-Pesa, mtoto nusu yake. Siku ya msafara, mezani mbele ya Fort Jesus, unarudishiwa 500 kwa vocha za mia mia ambazo zinatumika tu kwenye maduka ya mjini yaliyo kwenye orodha. Pesa zinazobaki, kwa maelezo ya waandaaji, zinaendesha madarasa ya sanaa ya vijana: muziki, uchoraji na mashairi. Mpango huu naukubali. Tumezoea hisani ya kutoa pesa, kupewa fulana na kwenda zetu. (Fulana ipo pia, kubwa kama kanzu.) Hapa pesa inazunguka mumu humu mjini, na mji unaihitaji. Wenye magari siku hizi wanakimbilia Nyali kwenye maduka yenye pa kuegesha, kuja Biashara Street wanaona taabu.

Njia si ndefu. Tulipanda Nkrumah Road tukavuka Digo Road, hapo ndipo roho ilipokaa mkononi, maana matatu na tuktuk za Jumapili hazijui kwamba ni Jumapili. Vijana wa bodaboda walisimama njia panda kutuzuilia magari, na haki yao niwape, kazi waliifanya. Baada ya hapo Moi Avenue mpaka kwenye Pembe, zile sanamu kubwa za pembe za ndovu juu ya barabara, picha mbili tatu, tukageuza. Mtoto mmoja aligonga pembe kwa ngumi, iliposikika sauti ya bati akamwangalia babake kama aliyetapeliwa.

Uhondo ulianza Biashara Street. Maduka mengi Jumapili huwa yamefungwa, lakini yaliyo kwenye orodha yalifunguliwa kwa ajili yetu, na ndani ya dakika chache mtaa ulijaa baiskeli zilizoegemezwa ukutani na wanawake wenye helmeti wakikunjua leso. Mama muuzaji alinitazama kichwani hadi miguuni, suruali yangu pana, mtandio niliobana kwa pini chini ya helmeti, akacheka: "Haya mwanangu, mashallah, leo leso itapandishwa baiskeli!" Akanishushia doti moja baada ya nyingine, akinisomea jina la kila leso kabla sijaangalia hata rangi. Niliyoipenda haikulipika kwa vocha peke yake, nikatoa baadhi ya zangu, nikaongezea pesa. Nadhani ndiyo hesabu ya waandaaji, na sina kinyongo nayo.

Kwa dada zangu wanaoogopa macho ya watu: wazee wa barazani watakuangalia, ndiyo. Pale Ndia Kuu mmoja aliniita, "Binti, polepole, hapa tuktuk hutokea bila salamu." Maneno mengine sikuyasikia.

Sasa lawama. Baiskeli za kukodi ni mbovu. Niliyopewa mimi, breki ya nyuma ilikuwa ya jina tu, nikiibana inapiga yowe na baiskeli inaendelea na safari zake. Sihitaji kueleza maana ya hilo kwenye vichochoro vya Mji wa Kale. Karibu na Markiti nikamwona fundi amekaa chini na sanduku lake la spana. Akaigeuza baiskeli miguu juu, akaizungusha tairi mara moja, akasema, "Dada, hapa raba imekwisha, unabana chuma kwa chuma." Akatia mpya, akakaza waya, akajaribu. Nikampa vocha. Akaishika, akaisoma pande zote mbili, akanirudishia kwa adabu, kwa sababu hakuwa kwenye orodha.

Na hapo ndipo ninapogombana na waandaaji. Ukisema unasaidia biashara za mjini, muuza kahawa mwenye dele lake yumo, mama wa mahamri na mbaazi yumo, kijana wa madafu na fundi yule pia wamo. Tulipochoka na kuona kiu, hao ndio waliotuhudumia, na wote tuliwalipa kutoka mifukoni mwetu. Vocha zilikwenda kwa wenye mlango na kibao. Najua kuna maneno ya leseni na stakabadhi, lakini dafu halina stakabadhi, na jua la saa nne linapokupiga hutauliza. Waandaaji wangewaandikisha hao kwa namba zao za simu tu, mambo yangekwisha.

Kuhusu vijana: tulimalizia pale pale Fort Jesus, na wanafunzi wa hayo madarasa walikuwa wametandika mikeka wakitusubiri. Binti wa miaka kama kumi na mbili alipiga tashkota, ile ala ya taarabu, mkono mmoja kwenye vibonye, mwingine unakwaruza nyuzi, ulimi umetoka pembeni kwa bidii. Alikosea, akarudi nyuma kidogo, akaushika tena mdundo bila kumwangalia mwalimu wake. Ningemsikiliza saa nzima. Bahati mbaya kipaza sauti kilichukuliwa mapema kwa ajili ya hotuba na shukrani kwa wadhamini, wakashukuriwa mpaka watoto wakaanza kukunja mikeka. Watu walikuja kuwaona hao, hotuba zingewekwa asubuhi wakati tunasubiri kadi.

Nitarudi, na baiskeli ya kuazima kwa jirani. Wenye watoto wadogo waleteni, ila shukeni mtembee kwenye Digo Road. Maji ya kunywa chukueni ya kwenu, ya bure yaliisha mapema. Vocha msizilazimishe siku hiyo hiyo kwenye foleni, zinatumika mpaka mwisho wa mwezi. Zangu mbili zilizobaki nilimpa mama, naye tayari ameulizia lile duka la leso linafungwa saa ngapi.