MGB au Triumph TR4: lipi la kupeleka kwenye rali za magari ya zamani?

Yote mawili ni magari ya michezo ya Uingereza, na kinachoamua hapa ni kutu kuliko injini. MGB, lililotoka mwaka 1962, halina chasisi ya peke yake. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu. Vizingiti vya chini ya milango vikiliwa, gari hulegea katikati. Fundi lazima aiegemeze bodi vizuri kabla ya kuchomelea, la sivyo milango haitafunga tena. Afueni ni kwamba British Motor Heritage, kampuni ya vipuri vya magari ya zamani ya Uingereza, walianza kutoa bodi mpya nzima mwaka 1988. Ghali, ndiyo, lakini unaanza na chuma safi.

TR4 (1961–1965) lina chasisi, na bodi imefungwa juu yake kwa bolti. Injini yake ya sentimita za ujazo 2,138 huvuta vizuri kutoka chini, na slivu zake (mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka) hutolewa, hivyo silinda zikichakaa hupeleki bloku kuchongwa. Gasketi za chini ya slivu zikivuja, maji huingia kwenye oili.

Kwa barabara mbovu ningechukua TR4. Anayeanza achukue MGB: vipuri vimejaa Uingereza, na mwaka 1964 lilishinda kundi la magari ya GT katika Rali ya Monte Carlo. Ila atafute injini ambayo shafti yake kuu (crankshaft) inashikwa na bering tano.