Siku ya mwisho ya safari ya jahazi, Lindi: bustani nzuri, vibao vya uongo

Mkongo umepigiliwa kibao cha MSANDARUSI, ambao ni mti mwingine kabisa. Mti mkubwa, katikati ya bustani, pale pale ambapo kila kundi la wageni husimamishwa kupiga picha. Kwa hilo peke yake nilitaka niwaambie msiende.

Ilikuwa siku ya mwisho ya safari ya siku tatu baharini: Msimbati, Mikindani, kisha Lindi, upepo wa kusi ukitusukuma kwa nyuma. Jahazi lenyewe silisemi vibaya, nahodha anaijua kazi yake. Ila waandaaji walitufikisha Lindi saa nne asubuhi siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, na kila mtu wa pwani anajua kwamba bamvua maji hujaa alfajiri na alasiri. Saa nne, saa tano yamekupwa, pwani nyeupe. Tukashuka kwenye matope, bustanini tukaingia jua la utosi. Anayepanga safari kama hii achague siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, maana hapo maji hujaa kwenye saa hizo hizo za asubuhi na chombo kinasogea karibu. Hilo ningelisamehe.

Kibao sikisamehe. Mkongo na msandarusi unavitofautisha kwa jani moja tu. Jani la msandarusi lina vijani viwili, vimekaa kama kwato ya mbuzi. La mkongo lina jozi nne, tano, hata sita kwenye kikonyo kimoja. Tunda la msandarusi ni dogo, lina vinundu, na ndani yake utomvu umeganda. Mkongo una ganda nene, gumu kama ubao. Likipasuka unakuta mbegu nyeusi zinazong'aa, kila moja kwenye chumba chake, kila moja na kofia yake nyekundu. Chini ya mti ule zilikuwa zimetapakaa. Nikaokota moja nikamwonyesha kijana aliyekuwa akituongoza.

"Mama, kibao kimeandikwa msandarusi. Kwani wewe ndiye bwana miti?"

Watu wakacheka. Akaendelea kueleza jinsi sandarusi ya pwani hii, yaani utomvu wa msandarusi ulioganda, ilivyochimbwa ardhini na kupelekwa Ulaya na Marekani kutengenezea vanishi. Maelezo ya kweli kabisa, mkono wake ukiwa juu ya mti usiohusika. Msandarusi wenyewe upo, nimeuona: uko kwenye kona ya uzio, umetoa machozi ya utomvu kwenye shina, na hauna kibao chochote.

Halafu tazameni kibao kilivyofungwa. Bati, misumari miwili ya chuma, imekandamizwa mpaka mwisho. Shina linanenepa kila mwaka. Msumari usipoachiwa nafasi, gome linapanda juu ya bati na kulimeza. Pale kona mbili zimeshazama, herufi ya kwanza haisomeki, na kutu imechuruzika chini karibu shibiri nzima. Dawa yake si ngeni: msumari wa alumini, sentimita mbili au tatu zibaki nje, kibao kining'inie, na kila mwaka mtu apite auvute kidogo. Au kibao kiwekwe kwenye kigingi ardhini, mti uachwe.

Nilikuwa nimeshapoa, kwa kweli, kwa sababu miti yenyewe imetunzwa. Chini pamefyekwa bila kujeruhi mashina, mpingo una matawi yake yote, mninga hauna alama ya panga. Nikasema nitawasifu. Kisha tukafika kwenye kitalu karibu na lango, wanakouza miche. Safu nzima ya viriba, yaani mifuko ya kuoteshea miche, imeandikwa "msandarusi", na majani yana jozi nne nne. Wamepanda mbegu za mti ule! Mtu ananunua, anapanda shambani kwake Nachingwea au Newala, miaka inapita anangoja sandarusi. Na viriba ni vifupi mno. Mkongo hutangulia kushusha mzizi mkuu. Ukigonga chini ya kiriba unajikunja, na mche wenye mzizi uliojikunja hudumaa. Kiriba kiwe kirefu. Mbegu iondolewe kofia, ikwanguliwe ganda upande wa pili, ilowekwe usiku mmoja kabla ya kupandwa.

Haya yote mzee wa kitalu anayajua. Nilipomwuliza kwa sauti ya chini, alijibu bila kusita: "Hii ni mikongo, mama. Vibao vinaletwa na ofisi, mimi namwagilia tu." Ndiye aliyeniambia pia kwamba viriba virefu aliviomba, hakupewa.

Kwa hiyo sijui niseme nini. Nendeni, mkamtafute mzee huyo kwanza kabla ya kumfuata kiongozi yeyote. Na wenye bustani, kama mnasoma: mpeni koleo, misumari ya alumini na kopo la rangi. Aanze na ule mkubwa wa katikati, bati ling'olewe taratibu lisichane gome, kisha aende kwenye kona ya uzio.