Thunderbird kwa mtu wa makundi ya imeili: naipa nne kwa tano

Nianze na maksi kabisa ili mwenye haraka aondoke nazo. Thunderbird, programu ya kompyuta ya kusomea na kuandikia imeili, naipa nne kwa tano, na hiyo nne ni kwa mtu wa aina moja tu, yule aliye kwenye kundi la watu wa hobi fulani, iwe redio za zamani, stempu, darubini, chochote kile, na wanaandikiana kwa imeili kupitia anwani moja ya kundi inayowafikia wote, mpaka mada ikichangamka kasha linafurika. Kama imeili zako ni risiti tu na zile za kubadilisha neno la siri ulilosahau, hii ni programu kubwa mno kwako, kaa na hiyo uliyonayo.

Ni ya bure, toleo la 1.0 lilitoka Desemba 2004, inakubali Windows, macOS na Linux. Sura yake ilikuwa ya kizee kweli mpaka walipoipiga msasa kwenye toleo la 115 mwaka 2023, na hata sasa ukiifungua mara ya kwanza unakutana na vitufe kila kona. Ila mimi sikuifuata kwa urembo.

Nilichoifuatia ni nyuzi. Inazipanga meseji jibu chini ya jibu, kwa matawi, kwa hiyo unaona nani kamjibu nani na ubishi umeanzia wapi. Mada isiyokuhusu unaichagua unabonyeza herufi K, uzi mzima unapotea machoni na majibu yatakayokuja baadaye yanaingia hukohuko kimyakimya. Shift na K inanyamazisha tawi moja tu, lile ambalo watu wawili wameanza kutupiana maneno, na W ni kinyume chake, unaufuatilia uzi usikupite. Ukizizoea hizo, meseji za siku nzima unazipitia ndani ya muda mfupi sana na hujakosa kitu cha maana.

Sasa hapo kwenye K ndipo adabu inapoingia na wengi hawajui. Kuna ule mtindo mtu anataka kuuliza jambo jipya, anaona uvivu kutafuta anwani ya kundi, basi anafungua meseji yoyote ya zamani, anabonyeza jibu, anafuta kichwa anaandika chake, anajua kaanzisha mada mpya. Wapi! Ndani ya kila jibu kuna mistari ambayo kwa kawaida huioni, In-Reply-To na References, inayotaja meseji uliyoijibu, na programu inafuata hiyo mistari, kichwa ulichobadilisha haikijali. Kwa hiyo swali lake la valvu ya redio linaota kama tawi chini ya ubishi wa mkutano wa mwakani, na wote waliokwisha kuupiga K ule ubishi hawalioni kabisa. Baada ya siku kadhaa anarudi analalamika kwamba kundi lina roho mbaya, wageni hawajibiwi. Jamani, mada mpya ni meseji mpya, anwani ya kundi ihifadhi kwenye kitabu cha anwani, imeisha hiyo.

Upande wa kujibu, kuna kumjibu mtu, kuwajibu wote, na kulijibu kundi. Hii ya tatu ndiyo dawa, inajitokeza pale programu inapotambua kwamba meseji imetoka kwenye kundi, au piga Ctrl+Shift+L. Ukiwajibu wote, mara nyingi mwandishi anapata nakala yake na ya kundi juu, ndiyo maana watu wananung'unika kwamba kila kitu kinawafikia mara mbili. Na angalia anwani kabla ya kutuma, maana kuna makundi yamewekwa hivi kwamba hata jibu la kawaida linaenda kwa wote, unadhani unamteta mtu pembeni kumbe umemteta uwanjani, yeye mwenyewe yumo. "Hongera mkuu" na "asante sana" mpelekee mhusika peke yake. Hilo hakuna programu itakayokuzuia.

Kukwoti ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko nilivyotarajia. Ukiwa unasoma, weka alama kwenye sentensi mbili tu unazotaka kuzijibu halafu bonyeza jibu, inazikwoti hizohizo na kuacha mengine yote. Na ilivyo bila kuigusa, jibu lako linakaa chini ya kilichokwotiwa, kwa hiyo msomaji anasoma swali kwanza ndipo jibu. Linganisha na yule anayeandika "nakubaliana nawe" huku chini yake kaburuta mazungumzo ya wiki nzima na saini za watu tisa! Saini nayo ukiianza na mstari wa vistari viwili na nafasi, itakatwa yenyewe mtu akikujibu. Mwongozo wa zamani wa adabu za intaneti, RFC 1855 wa mwaka 1995, ulishasema saini isizidi mistari minne, na kwamba herufi kubwa tupu ni kupiga kelele. Mpaka leo kuna mtu saini yake ina cheo, simu, nukuu ya busara na picha ya bendera.

Kuna na kile kikumbusho cha kiambatanisho, ukitaja kwenye meseji kwamba umeambatanisha kitu na hujakiweka, inakuuliza. Ila inategemea orodha ya maneno ya Kiingereza, ukiandika Kiswahili haishtuki, hivyo ingia kwenye mipangilio uongeze mwenyewe "nimeambatanisha" na mengine unayoyatumia. Picha nazo zipunguze kwanza, faili likisafiri kwa imeili linanenepa kama theluthi moja, picha za MB 15 zinakuwa kama 20, na hizo zinashuka kwenye kasha la kila mwanakundi, yumo anayelipia bando. Ukiwa na hasira piga Ctrl+Shift+Enter badala ya kutuma, jibu linakaa kwenye kikasha cha kutoka mpaka wewe mwenyewe uliruhusu. Wengi wetu tukilisoma tena kesho yake tunalifuta.

Ile moja niliyoikata ni hivi. Filta zake ni nzuri sana, unaiambia kila meseji yenye List-Id ya kundi fulani, yaani ule mstari uliofichika unaotaja jina la kundi, iende folda yake na kasha kuu linabaki safi, lakini zinafanya kazi programu ikiwa wazi kwenye kompyuta. Ukiifunga ukatoka, kwenye simu unakuta meseji zote zimerundikana kasha kuu kama vile hujapanga chochote, kwa hiyo kama huduma yako ya imeili ina filta zake upande wa seva, tengeneza kule. Halafu ukifuta meseji, nafasi kwenye diski hairudi papo hapo mpaka folda ibanwe, yaani zilizofutwa ziondolewe kabisa ndani ya faili lake. Ikikuuliza kama ibane folda usiikatalie kila mara, na kama kundi lako lina wapenda picha, bofya folda kitufe cha kulia uibane mwenyewe mara mojamoja.