Siku sita za kujifunza pikipiki, halafu njia ya Bagamoyo

Nimejifunza pikipiki nikiwa na miaka 39 kwa sababu ya foleni ya Tegeta, Dar es Salaam. Sina mapenzi yoyote na mwendo kasi. Chuo sikitaji, mafunzo yalikuwa siku sita, muda wa saa mbili kila asubuhi.

Siku mbili za mwanzo hatukuvuka gia ya kwanza, nikaona kabisa naliwa hela. Kazi ilikuwa kuachia klachi taratibu mpaka usikie pikipiki inaanza kuvuta, unaibana tena, unakwenda mwendo wa mtu aliyebeba ndoo kichwani, kisha unazunguka kwa umbo la namba nane kati ya koni bila kushusha mguu. Ilinizimikia hadi nikaacha kuhesabu. Mwalimu alikuwa na neno lake moja: "Tazama unakokwenda, koni haikuhusu." Na kweli, kila koni niliyoikodolea macho niliigonga.

Siku ya nne ilikuwa ya breki, na hiyo peke yake ilitosha ada yote. Mtaani kwetu bodaboda yeyote atakwambia usiguse breki ya mbele, itakurusha. Mwalimu akachora mstari kwenye lami, akatutaka tuje na spidi 30 tusimame hapo. Kwanza breki ya nyuma tupu: tairi likafunga, nikaserereka mpaka karibu na ukuta wa choo. Halafu zote mbili, ya mbele ukiiminya kidogo kidogo bila kuikwapua. Nikasimama mapema mno, mwenyewe nikashangaa. Ukifunga breki uzito mwingi unakuja mbele, kwa hiyo tairi la mbele ndilo linaloshika.

Helmeti yangu (kijiweni wanaiita elementi) waliikataa siku ya kwanza. Nilitikisa kichwa, ikabaki inacheza yenyewe. Nikanunua nyingine, inabana mashavu mpaka unaongea kama una embe mdomoni.

Leseni ilipotoka, Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikatoka Bunju na Boxer niliyoinunua kwa mtu. Mpaka daraja la Mpiji mikono ilikuwa imekakamaa kama nimeshika kamba ya ng'ombe. Hapo nikapishana na lori la mchanga. Upepo wa lori unakusukuma kwanza, halafu unakuvuta, na uwanjani hakuna lori. Hili wangelisema hata kwa mdomo tu. Nilijikuta nimekwenda pembeni, sentimita chache kutoka kwenye mchanga wa ukingoni.

Mapinga bodaboda mmoja alinipungia mkono, anafumba na kufumbua vidole. Nikafurahi, nikajiona nimeshapokelewa kundini. Nikampungia. Mbele kidogo mwingine, vilevile. Watu wakarimu kweli.

Kerege wakatoka mbuzi wanne kwenye majani, wa nne akaamua kurudi. Sikufikiri. Vidole vikaiminya breki ya mbele, mguu ukakanyaga ya nyuma, pikipiki ikasimama imenyooka. Mbuzi akanitazama, akaendelea na yake. Miguu ilianza kutetemeka baadaye, nilipokwisha kuondoka.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama aende chuo, namwambia aende, ila aombe siku moja ya barabarani akifuatana na mwalimu. Wangu walinipa cheti bila kunitoa getini.

Zinga nikasimama kunywa chai. Kijana wa kijiweni akanisogelea, akafumba na kufumbua vidole, nikamwitikia kwa bashasha.

"Mama, shikamoo. Indiketa."

Ya kulia ilikuwa inawaka tangu nilipokata kona kuingia barabara kuu kule Bunju. Haijizimi kama ya gari, na siku sita zote hakuna aliyenitajia. Wakati wa kurudi nilikuwa naibonyeza kuizima kila dakika mbili, hata nilipokuwa sijaiwasha.