Uzoefu wangu: miaka miwili na tanuri la kuni la kikundi chetu cha ufinyanzi, Moshi

Wenzetu wa Arusha na Same wanaotaka kuanzisha vikundi wameniuliza mara nyingi kama tanuri la matofali linashinda kuchomea chini. Mimi ndiye ninayeshika daftari la kikundi. Kila mchomo nimeuandika tangu tulipolijenga Septemba 2023: vyungu vilivyoingia, vilivyotoka vizima, kuni zilizoteketea na waliokuwa zamu. Tumeshachoma mara 23, kwa hiyo nasema nilichokiona.

Tuko 14, akina mama 11 na vijana watatu, huku Pasua. Kabla ya tanuri tulikuwa tunachoma kwenye shimo la kina cha goti. Unapanga vyungu, unaweka nyasi kavu na kuni, unafunika kwa vigae vya zamani, halafu pumba za mpunga kutoka Mabogini zinashikilia moto usiishe haraka. Bibi yetu, mzaliwa wa Usangi aliyetufundisha karibu wote, hana shida na shimo. Anausoma upepo. Anaweza kusimama asubuhi mbingu ikiwa safi akasema "leo hapana", na saa nane mchana vumbi linazunguka uwanja mzima. Sisi wengine hatuna jicho hilo, na shimoni moto unapanda kwa pupa, upande mmoja ukiiva na mwingine ukibaki mbichi. Daftari la 2022 linaonyesha vyungu 40 vikiingia, 28 au 30 vikitoka. Mama amekaa na chungu wiki mbili, amekisugua kwa kokoto mpaka kinang'aa, Jumamosi jioni anaokota vipande. Mfinyanzi hulia gaeni, wahenga walisema, na kwetu hayo hayakuwa maneno ya kwenye khanga.

Tulitaka kukopa. Aprili 2023 mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya wanawake asilimia 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2, ilikuwa imesitishwa nchi nzima ili utaratibu upangwe upya. Tukachanga wenyewe. Kila mmoja alitoa 50,000, ikawa 700,000, na 250,000 tukatoa mfuko wa kikundi. Matofali ya kuchoma 1,300 kwa shilingi 200 yalikula 260,000. Ufundi 300,000. Nondo, nguzo na mabati ya banda 330,000. Mchanga, udongo wa kujengea na chakula cha mafundi 60,000. Jumla 950,000, na tulimaliza bila deni.

Ni tanuri la duara, refu kunipita kidogo. Moto unakaa chini, juu yake kuna sakafu ya nondo, vyungu vinapangwa juu ya nondo hizo, na moshi unatokea juu ambako tunafunika kwa vigae. Mlango tunaujenga kwa matofali na kuupaka udongo kila tunapochoma, kisha tunaubomoa. Linameza vipande 110 hadi 130 vya saizi mchanganyiko: mitungi ya maji, vyungu vya maharage na kiburu (ndizi zilizopikwa na maharage), vyetezo, vyungu vya maua vya watu wa vitalu vya miche.

Sasa nieleze siku ya mchomo, maana hapo ndipo thamani ya kitu hiki ilipo.

Tunapanga Ijumaa jioni. Jumamosi saa 11 alfajiri moto unawashwa, mdogo sana, vijiti viwili vitatu mdomoni kabisa mwa tanuri. Saa tatu za mwanzo ni kupasha tu. Chungu kinachoonekana kikavu bado kina maji ndani, na maji hayo yakigeuka mvuke kwa ghafla yanakipasua kama bomu. Ukiweka kipande cha kioo juu ya tundu la moshi kinafanya ukungu. Ukungu ukiendelea, usiongeze kuni hata kama umechoka kusubiri. Kioo kikitoka kikavu ndipo unaanza kusukuma moto ndani taratibu. Kuna sehemu nyingine ya hatari karibu na nyuzi 573, ambapo chembe za mchanga ndani ya udongo zinatanuka mara moja. Hatuna kipimo cha joto. Tunachungulia. Mwanzoni vyungu vinakuwa vyeusi tititi kwa masizi na mtu mgeni anadhani tumeviharibu. Kisha ndani kunaanza wekundu uliofifia, na masizi yanaliwa na moto, chungu kimoja baada ya kingine, kuanzia chini. Chungu kinavuliwa weusi kama mtu anayevuliwa shuka. Wekundu ukisogea kuwa rangi ya chungwa, tuko kwenye nyuzi 900 hivi, na hapo bibi anasema "kimekula, mwacheni". Kwa kawaida ni saa tisa alasiri.

Hatufungui mpaka Jumatatu. Kila anayetamani kuchungulia Jumapili baada ya ibada anarudishwa nyumbani, maana hewa baridi ikiingia mapema utasikia vyungu vinalia "tik, tik" vikipasuka.

Jumatatu kila kipande kinagongwa kwa kifundo cha kidole. Kizima kinalia kama kengele. Chenye ufa, hata usiouona, kinatoa sauti ya ubao. Miezi hii ya karibuni katika vipande 120 tunapoteza vinne, vitano, vikizidi sita. Hiyo peke yake ilirudisha fedha ya kila mwanachama, na kwa mara ya kwanza tukaweza kuahidi oda ya vyungu 60 na kuitimiza tarehe tuliyosema.

Lakini tulilipia elimu hiyo. Desemba 2023 mvua za vuli zilikuwa nyingi mno, mnakumbuka. Matofali yalikuwa yamenyonya maji na tanuri lilitoa moshi mpaka saa sita mchana bila joto kupanda. Tukakosa subira, tukaongeza kuni. Mwenzetu mmoja alikuwa ameweka chungu kikubwa cha maua, kitako chake kinene kama vidole vitatu. Kililipuka. Tulisikia mshindo mmoja mzito, halafu ukimya, halafu vigae vikidondoka kwenye nondo. Jumatatu tulihesabu vyungu 17 vya watu wengine vilivyovunjwa na vipande vya kile kimoja. Sita vilikuwa vya mama aliyetegemea kuviuza alipie ada ya Januari.

Kikundi kilikaribia kuvunjika siku ile, na sikutarajia. Shimoni kila mtu alikuwa na hasara yake. Kwenye tanuri hasara yangu inaletwa na chungu chako. Wengine walitaka mwenye chungu alipe fedha. Naye alikuwa analia, akisema vyungu viliruhusiwa kuingia na hakuna aliyevikagua, na alikuwa na haki. Tulikaa chini ya mwembe hadi giza. Mwisho tukakubaliana hivi: hakuna kulipana fedha kwa chungu kilicholipuka, ila mwenye nacho anawakandia udongo waliovunjikiwa, ndoo kwa ndoo, mpaka wafinyange tena. Na mfuko wa kikundi ukamkopesha yule mama ada. Mwenzetu alikanda udongo wiki tatu. Leo ndiye mkaguzi wetu mkali kuliko wote.

Ukaguzi wenyewe ni wa bibi. Unachukua chungu unakigusisha shavuni, si mkononi, maana mkono wa mfinyanzi umekufa ganzi. Kikiwa cha baridi shavuni, bado kina maji, kinarudi rafuni. Watu wawili lazima wakubaliane. Na kitako kisizidi unene wa kidole kimoja. Tangu tuweke utaratibu huo hatujapata mlipuko wa kuumiza vyungu vya wengine, hata Julai, mwezi ambao Moshi hukaa na mawingu na baridi siku nzima na chungu huchukua wiki mbili na nusu kukauka.

Kama unaanza kikundi, andikeni kanuni hizi kabla hamjanunua tofali la kwanza. Udongo uwahi ungali maji. Sisi tuliandika zetu watu wakiwa na machozi, na ilikuwa kazi kubwa.

Upande wa ujenzi, fundi alikuwa mtu mwema na ukuta wake umenyooka, lakini kuna mambo matatu aliyafanya ambayo sitaki mtu mwingine ayalipie. Safu za juu alizijengea saruji tulipokuwa tumeenda kula, akidhani anatusaidia. Saruji haivumilii moto. Mchomo wa tatu ikawa unga na nyufa za kuingiza kidole zikafunguka. Alipoitwa alikuja, akabomoa na kujenga upya kwa udongo na mchanga bila kudai kitu, namshukuru. La pili, sakafu ya moto ilikuwa chini ya usawa wa ardhi na mvua ikinyesha maji yalikuwa yanatuama mle, ndiyo sababu mojawapo ya balaa la Desemba. Tulichimba mtaro kuzunguka na kuinua sakafu kwa vifusi. La tatu ni bati la banda kuwa karibu mno na mdomo wa juu. Moto ukikolea bati lilikuwa linageuka jekundu. Tumeliinua kwa nguzo ndefu zaidi kwa gharama yetu.

Na nondo. Hilo ni kosa letu sote, hatukujua. Chuma kikikaa kwenye moto wa nyuzi 900 mara kwa mara kinalegea na kupinda kama ndizi. Tumebadilisha sakafu mara mbili, 60,000 kila mara. Ukijenga, mwambie fundi atengeneze matao madogo ya matofali badala ya nondo. Sisi tutafanya hivyo baada ya masika yajayo.

Kuni ni mabanzi kutoka viwanda vya mbao, mengi ya mgrevilea. Kirikuu moja, kile kigari kidogo cha mizigo, ni 40,000 pamoja na kuletewa, na inafanya mchomo mmoja na nusu hivi. Gharama tunagawana kwa nafasi: chungu kikubwa 500, cha kati 300, vidogo 100 kila kimoja. Mwanzoni tuligawana sawa kwa vichwa, na mwenye vyetezo vitano alikuwa anamlipia mwenye mitungi kumi. Nafasi za chini pia zinazungushwa, kwa sababu chini kunaiva kuliko juu na kila mtu anapataka. Kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari nimechora duara lenye majina.

Moshi wa saa tatu za mwanzo ni mzito, siwezi kuficha. Jirani yetu wa ukuta anafua Jumamosi. Tulimfuata, tukakaa naye, na sasa tunamjulisha siku mbili kabla naye anafua Ijumaa. Ana mtungi wetu sebuleni.

Kuna mambo tanuri hili haliwezi. Halifiki joto la kuyeyusha rangi ya kioo ya vikombe kama vya dukani, hiyo inataka nyuzi 1,000 na kupanda, moto usioyumba. Vyungu vyetu vinapumua, maji yanatoka kama jasho nje ya mtungi, na ndiyo maana yanakuwa baridi bila friji, lakini hoteli inayotaka bakuli la supu lisilopitisha mafuta usiiahidi. Pia wageni wanaokuja kujaribu kufinyanga wakisubiri kupanda mlima, hawawezi kuondoka na chungu walichokifinyanga. Kukauka ni siku kumi na mchomo ni mara moja kwa mwezi. Tunawaambia kabla hawajalipa, na anayetaka anachukua kilichokwisha kuchomwa.

Tanuri la umeme tuliliwaza. Dogo linaweza kula yuniti kama 50 kwa mchomo, na kwa 350 hivi kwa yuniti si bei ya kutisha kuliko kuni. Ila linabeba robo ya vyungu vyetu, linaagizwa nje, na umeme ukikatika katikati ya mchomo umepoteza siku.

Kwa mfinyanzi mmoja mmoja simshauri ajenge. Kulijaza vipande 120 peke yake kutamchukua miezi, na kulichoma nusu ni kuchoma kuni bure. Kwa watu kuanzia wanane wanaoelewana, jengeni. Nasema hivyo nikiwa nimewaona akina mama waliokuwa wanafinyanga kila mmoja uani kwake, sasa wanaulizana katikati ya wiki "vyako vimekauka?" kwa sababu bila vya mwenzake tanuri haliwashwi.

Bibi bado ana shimo lake pembeni. Vyungu vyake vya kupikia hataki vipite kwenye nondo, na ukivionja utamwelewa, maharage yake yana harufu ya moto wa nyasi. Lakini kila Ijumaa ya kupanga anakuja na kigoda, anakaa mlangoni mwa tanuri, na kila chungu kinapita shavuni kwake kwanza.