Feni ya rejeta ya "kimya": mapanga safi, mota hovyo kabisa

Jamani hii feni imenichosha. Nilichofuata ni hilo neno kimya tu, maana ile ya zamani ikiwaka hata aliyekaa siti ya nyuma anauliza gari lina nini.

Na haki yake niipe, mwanzoni ilikuwa kimya kweli. Aliyechora yale mapanga anajua kazi. Ni mapana, kwa hiyo feni haihitaji kukimbia sana ili ivute hewa ya kutosha, na mzunguko ukishuka nusu tu kelele inapungua kama desibeli 15 hivi. Halafu nafasi kati ya panga na panga hazilingani, ni makusudi ile, zingelingana ungesikia mluzi mmoja unaokera sikio.

Sasa njoo kwenye mota. Juzijuzi niko kwenye foleni, jua linawaka, feni ikaanza kuguna mpaka usukani unatetemeka na geji inapanda. Nikazima, nikafungua boneti, ikishapoa nashika panga nalitikisa hivi, shafti yote inacheza! Bushi, ile pete inayoshika shafti, imelika, feni imelala, na ule mduara unaoshika ncha za mapanga umekwangua kava, alama nyeupe ziko upande wa chini tu.

Nikairudisha kwa muuzaji. Hata kuigusa hajaigusa, ananiuliza, "Kwani haizunguki? Sasa unalalamika nini? Hizi zimepimwa."

Zimepimwa wapi??? Mkiiweka mezani mpyaaa, kwenye hewa ya baridi, mkasikiliza mkaridhika, hapo mmepima nini? Hii kitu inakaa nyuma ya rejeta yenye maji ya nyuzi 90 na zaidi, inakula vumbi na matope, inarushwa na mashimo ya barabara, inawaka na kuzima kutwa nzima. Ipigeni joto, imwagieni vumbi, itikiseni, iwasheni na kuizima mpaka ichoke, HALAFU ndo mpime kelele. Kimya cha siku ya kwanza hakinisaidii chochote.

Nilikuja hapa kuwaambia msinunue. Ila fundi kafunga mota nyingine ya beringi za gololi kwenye mapanga yaleyale na kimya kimerudi, tena kuliko mwanzo, sasa hata sijui nisemeje. Mapanga sijawahi kuona bora kuliko haya, chukueni tu, ila ile mota ng'oeni kabla haijawachemshia injini, na yule muuzaji simrudii hata anipe bure, hata kuishika tu kweli?