Mapitio ya Spyderco Dragonfly 2 Salt: kisu chepesi kwa anayekimbia peke yake

Nakimbia peke yangu alfajiri, siku nne kwa wiki, kwenye njia za North Table Mountain juu ya mji wa Golden, Colorado, kwa sababu zamu yangu ya kazi hainiachii saa nyingine na hakuna jirani aliye tayari kuamka nami saa kumi na moja. Mwaka jana nilipomweleza mdogo wangu wa kiume aliyeko Tanga kwamba natafuta kisu cha kukimbia nacho, aliniuliza swali moja tu: "Dada, utakitoa saa ngapi na mtu ameshakushika?" Swali hilo ndilo nililokipimia kisu hiki kwa miezi minane, na ndilo ninalotaka mnunuzi mwingine ajiulize kabla ya kutazama picha, rangi au bei.

Kisu changu cha kwanza, ambacho sitakitaja jina, kilinifundisha kwa hasara. Kilikuwa na uzito wa zaidi ya gramu 100 na kilivuta kaptula chini kila hatua, hata nikaanza kukimbia huku mkono mmoja umeshika kiuno. Nilipochoka nacho nilikihamishia kwenye mkoba wa mgongoni, mahali ambapo nisingeweza kukifikia bila kusimama na kuvua kamba zote mbili. Kwa jasho la majira ya joto kilipata kutu kwenye bawaba, na bawaba yenye kutu hukifanya kisu kuwa kigumu kufunguka wakati ambapo nguvu za vidole zimekwisha. Makosa hayo matatu, yaani uzito, mahali pa kukiweka na kutu, ndiyo yaliyonipeleka kwa Dragonfly 2 Salt.

Kisu hiki hutengenezwa Japani kwa ajili ya kampuni ya Spyderco, ambayo makao yake yako hapa hapa Golden. Kina uzito wa gramu 34, karibu sawa na pakiti moja ya jeli ya nguvu ambayo wakimbiaji wengi hubeba bila kuihisi. Ubapa wake una urefu wa milimita 58 na, kikiwa kimekunjwa, kisu chote ni milimita 85, hivyo hukaa ndani ya kiganja cha mkono wangu, ambao si mkubwa. Mpini ni wa nailoni iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo, nao una vijimistari vilivyochongwa ili usiteleze. Toleo nililonalo lina mpini wa manjano, na ninaipenda rangi hiyo kwa sababu kisu kikidondoka kwenye nyasi kavu hukiona mara moja.

Neno Salt katika jina lake linahusu chuma. Ubapa wangu ni wa chuma kiitwacho H-1, ambacho kimewekwa naitrojeni mahali pa sehemu kubwa ya kaboni inayotumika katika vyuma vya kawaida vya visu, na kwa sababu hiyo hakishiki kutu hata kikikaa na maji ya chumvi. Wavuvi na wapiga mbizi ndio waliotengenezewa chuma cha namna hii, lakini jasho nalo ni maji ya chumvi, na kisu kinachokaa kwenye mkanda wa kaptula huloa jasho saa nzima, mwili ukikigusa kwa karibu. Baada ya miezi minane ya kukisuuza kwa maji ya bomba na kukianika tu, bila mafuta, hakina hata doa. Gharama ya faida hiyo ni kwamba makali yasiyo na meno ya chuma hiki huisha mapema kuliko ya vyuma vigumu zaidi, ila hunoleka kwa urahisi. Dakika tano kwenye kinoo kila mwezi zinanitosha.

Sasa nirudi kwenye swali la mdogo wangu. Ubapa una tundu la duara karibu na mpini, alama inayovitambulisha visu vya kampuni hii, na dole gumba likiingia hapo husukuma ubapa hadi ufunguke na kujifunga wazi kwa komeo lililo mgongoni mwa mpini. Kazi yote ni ya mkono mmoja, na kibanio cha waya kinaweza kuhamishiwa upande wa kulia au wa kushoto. Nilimwomba mume wangu anishikie saa. Wiki ya kwanza, nikiwa nimesimama ukumbini, ilinichukua sekunde sita kuanzia mkono ulipo kawaida wakati wa kukimbia hadi kisu kiwe wazi. Baada ya miezi miwili ya mazoezi nilifika sekunde tatu, na kwa glavu za majira ya baridi nilirudi kwenye tano, mara nyingine nikashindwa kabisa kulipata tundu. Sekunde tatu husikika kuwa chache, lakini mtu anayetembea haraka tu hupita mita tano katika muda huo, na mtu anayenuia ubaya hatembei. Kwa hiyo jibu langu kwa mdogo wangu ni kwamba kisu cha kukunja, hata kilicho chepesi na chema kama hiki, hufaa tu pale ambapo umeiona hatari mapema au umeshashikwa na mkono mmoja umebaki huru.

Nimelisema hili kwa urefu kwa sababu maduka mengi huwauzia wanawake visu vidogo kana kwamba kukimiliki tu ni kinga. Kisu hufanya kazi ndani ya urefu wa mkono, maana yake ni kwamba aliyekusudia kukudhuru ameshafika mahali ambapo naye anaweza kukigeuza dhidi yako. Kiganja kilicholowa jasho huteleza mbele hadi kwenye makali, na mshipa wa kidole ukikatika mkono huo hautashika kitu tena. Hapa Dragonfly inastahili sifa, kwani kuna mbonyeo usio na makali kwenye shina la ubapa ambapo kidole cha shahada hukaa na kuzuiwa kisiteleze. Hata hivyo, mbonyeo haufundishi mtu ujasiri wala mwendo wa mikono, na anayetaka kubeba kisu kwa ajili ya kujilinda anapaswa kwanza kujifunza kwa mwalimu, akitumia kisu cha mazoezi kisicho na makali.

Kwenye orodha yangu ya vitu vya kujilinda, kisu ni cha nne. Kabla yake kuna simu inayomwonyesha mume wangu mahali nilipo, kuna filimbi iliyoshonwa kwenye kamba ya begi karibu na kinywa, na kuna kipulizi cha pilipili ambacho hapa Colorado ni halali kwa mtu mzima, nacho humfikia mtu au mbwa akiwa bado mita chache mbele yangu. Filimbi nimeitumia mara mbili, mara zote kwa mbwa waliofunguliwa kamba. Kisu sijawahi kukitoa kwa ajili ya mtu yeyote, na namwomba Mungu iwe hivyo hivyo. Nimekitumia kukata plasta ya malengelenge, kufungua pakiti wakati vidole vimekufa ganzi kwa baridi, na mara moja kukata kamba ya mbwa wa mwanamke mmoja iliyomnasa mguu kwenye uzio, kazi ambayo filimbi isingeifanya.

Wapo watakaouliza kuhusu wanyama. Mnamo Februari 2019 mkimbiaji mmoja alishambuliwa na puma mchanga, yaani paka mkubwa wa mwituni, katika milima ya Horsetooth, karibu na Fort Collins, naye akajiokoa bila kisu chochote, kwa jiwe na hatimaye kwa kumkandamiza shingo kwa mguu. Ushauri wa mamlaka ya wanyamapori ya jimbo hili ni kutomkimbia puma, kujifanya mkubwa, kupiga kelele na kupigana naye akivamia; ubapa wa sentimita sita ungesaidia kidogo katika hatua hiyo ya mwisho tu. Ama nyoka wenye njuga mkiani, ambao North Table Mountain inao wengi, kisu hakina kazi yoyote kwao. Tafadhali usije ukachanja jeraha la nyoka ili kutoa sumu, kama wengi wetu tulivyosikia utotoni. Kuchanja huongeza jeraha juu ya jeraha, na dawa iko hospitalini.

Nililinganisha Dragonfly na visu vingine vitatu kabla ya kununua. Victorinox Classic SD ni chepesi zaidi, gramu 21, na mkasi wake mdogo ni mzuri kweli, lakini hufunguliwa kwa ukucha na mikono miwili, na ubapa haujifungi, kwa hiyo unaweza kukukunjia vidole. Opinel namba 8 ya Ufaransa ina ubapa wa sentimita 8.5 na pete ya kuufunga; ni kisu ninachokipenda jikoni na kwenye tafrija ya nje, ila mpini wake wa mti huvimba ukinyonya maji na hakina kibanio. Benchmade Bugout ina gramu 52 na ubapa wa sentimita 8.2, hufunguka kwa mkono mmoja kwa urahisi kuliko hata Dragonfly, na mtu mwenye kiganja kikubwa angekichagua hicho bila kufikiri mara mbili. Mimi kilinizidi urefu kiunoni na bei mfukoni. Visu visivyokunjwa vya kuning'inizwa shingoni niliviacha kabisa, kwa sababu sitaki kamba shingoni mwangu mahali ambapo mtu anaweza kuivuta.

Kuhusu sheria, mnunuzi asitegemee maneno ya muuzaji. Colorado huweka mpaka wa inchi 3.5 kwa ubapa wa kisu kilichofichwa nguoni, na Dragonfly iko mbali chini ya hapo. Lakini kisu hiki hiki, kwa kuwa ubapa wake hujifunga, ni kosa kukibeba hadharani nchini Uingereza bila sababu ya msingi, na kujilinda hakukubaliwi huko kuwa sababu. Kipulizi cha pilipili nacho kimepigwa marufuku. Ujerumani pia huzuia kubeba visu vinavyofunguliwa kwa mkono mmoja na kujifunga. Ndugu zetu walioko huko wanunue filimbi na kengele ya mfukoni, na walioko nyumbani Afrika Mashariki wamuulize mwanasheria kwanza.

Nilisita kuandika mapitio haya. Agnes Tirop, mkimbiaji wa Kenya, aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 kwa mbio za wanawake pekee mnamo Septemba 2021, na mwezi uliofuata akauawa kwa kuchomwa kisu nyumbani kwake Iten. Kila ninapokibana kisu hiki kiunoni namkumbuka, na nakumbuka kwamba hatari kwa mkimbiaji mwanamke haikai njiani peke yake, wala haitokani na wageni tu. Kisu hakitamsaidia anayeogopa kurudi nyumbani; huyo anahitaji watu na mahali pa kulala.

Kwa anayekimbia kwenye njia za milimani, mwenye mikono midogo, aliye tayari kufanya mazoezi ya kufungua na kufunga mpaka vidole vizoee, nakipendekeza kisu hiki kwa moyo mkunjufu. Nilikipata kwa bei isiyofika dola 100. Asiyeloa jasho sana anaweza kuchukua toleo la kawaida la chuma cha VG-10, ambacho hukaa na makali kwa muda mrefu zaidi, mradi akikaushe kila arudipo. Suruali za kubana zenye kitambaa laini hukiacha kibanio kizunguke, kwa hiyo nilishona kipande cha turubai, upana wa vidole vitatu, ndani ya mkanda upande wa kulia, na tangu hapo mpini umekuwa mahali pamoja kila mkono wangu unapoutafuta gizani.